Ukiwa Mahututi, Nani Atakusemea? Kweli na Uongo

Mgonjwa hajitambui, anapumua kwa mashine. Nje ya chumba cha wagonjwa mahututi ndugu wanavutana: apasuliwe au asipasuliwe? Kwa Wakenya, jibu la nani mwenye kauli limo katika kifungu cha 9 cha Sheria ya Afya ya mwaka 2017. Wengi wetu, hata hivyo, tunafika hospitalini na tuliyoyasikia mitaani.

Mume, mke au kifungua mimba ndiye huamua. Nusu kweli. Wanaotangulia ni yule ambaye mgonjwa mwenyewe alimpa idhini kwa maandishi, au aliyeidhinishwa na sheria au mahakama. Wakikosekana hao, ndipo jamaa wa karibu huulizwa.

Anayelipa bili ndiye mwenye kauli. Uongo, na ndio unaoniuma zaidi. Kaka aliye ng'ambo akituma fedha, neno lake hupata uzito kumshinda dada aliyemuuguza mama miaka yote, ambaye ndiye aliyemsikia mama akisema hataki kukatwa mguu. Kifungu hicho hakimpi mlipaji mamlaka yoyote. Mchango ni msaada, na tunaushukuru, lakini haununui mwili wa mtu.

Nina wosia, nimemaliza. Uongo. Wosia huanza kazi mtu akishakufa. Mgonjwa mahututi yu hai.

Bila maandishi, daktari wa dharura hatanigusa. Uongo. Ibara ya 43(2) ya Katiba ya 2010 inakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura, na Sheria ya Afya inaruhusu atibiwe dharura hata kama hakuna wa kutoa ridhaa.

Hayo ni ya wazee. Uongo. Terri Schiavo wa Florida, Marekani, alikuwa na miaka 26 moyo wake uliposimama mwaka 1990. Hakuwa ameacha maandishi yoyote. Mumewe na wazazi wake walipelekana mahakamani kwa miaka mingi kuhusu mrija wa chakula, hadi alipofariki mwaka 2005.

Kuandika ni kujichuria. Uongo. Unaweza hata kuandika kwamba unataka kila tiba inayowezekana. Na maadamu una akili timamu, una hiari ya kubadilisha.

Naweza kuanza leo. Kweli. Andika: "Mimi fulani, nikishindwa kujieleza, namruhusu binamu yangu fulani anitolee ridhaa ya matibabu." Weka majina kamili, nambari za vitambulisho na simu, tarehe na sahihi. Mashahidi wawili watafaa ukizuka ubishi; wakili akiipitia karatasi hiyo, bora zaidi. Kisha keti na huyo uliyemchagua umweleze waziwazi: mashine, upasuaji, kufia nyumbani au hospitalini. Mpe nakala, na ndugu wengine uwaambie mapema, kwa sababu karatasi iliyofungiwa kabatini daktari hataiona. Usingoje mkutano wa familia wa Desemba. Mpigie simu jioni hii.