Tiketi ya meli haikulishi

Wanaorejea nyumbani huniuliza: nauli ya meli ina chakula ndani yake? Kwenye meli kubwa za watalii baharini, milo ya kawaida imo ndani ya nauli. Pombe na migahawa maalumu hulipiwa kando. MV Liemba, iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913, haikuwa hivyo. Kati ya Kigoma na Mpulungu, Zambia, nauli ilikuwa ya safari tu. Wali kwa samaki au kuku tuliununua mgahawani, na vituoni wachuuzi walitufuata kwa mitumbwi. Safari ilikuwa ya siku kadhaa. Mfanyabiashara asiyetenga fedha za kula humaliza mtaji kabla ya kufika sokoni. Ndugu msafiri, uliza kabla ya kukata tiketi, na ubebe maji.