Herufi Nene Zisizo na Kona

Ndugu askari mchorao vibao vya kantini, nanyi akina mama wenye vibanda vya maandazi, iangalieni aina ya herufi iitwayo Cooper Black. Iliundwa na Oswald Cooper wa Chicago, Marekani, ikatolewa mwaka 1922. Ncha zake zote zimeviringwa mfano wa donge la unga lililoumuka, na tundu la herufi O limelala upande kidogo, kama mtu aliyeshiba. Mwaka 1966 ilipamba jalada la santuri ya Pet Sounds ya bendi ya Beach Boys. Huko Uingereza ilitumika katika Dad's Army, mchezo wa televisheni (1968–1977) uliowachekea wazee waliojitolea kulinda nchi wakati wa vita.

Yavutia, lakini ina kasoro. Matundu ya a na e ni madogo mno. Ukiiandika ndogo, rangi huyaziba. Basi yafaa kwa maneno mawili matatu makubwa, kama vile "Chai Moto". Onyo la hatari, au kipimo cha dawa ya mtoto, visiandikwe hivyo kamwe. Mchoraji wa brashi na aanze na matundu, ndipo aunenepeshe mwili wa herufi.