Mira Nair na Uhuru wa Kusimulia

Wahenga walinena kuwa mtegemea cha nduguye hufa maskini. Katika sanaa ya filamu, methali hii ina mipaka yake. Mshairi huhitaji kalamu na karatasi; mwelekezi wa filamu huhitaji kamera, waigizaji, mafundi na fedha ambazo ni nadra kupatikana katika mfuko wa mtu mmoja. Kwa hivyo, msanii wa filamu anayejitegemea si yule asiyepokea fedha za wengine, bali ni yule asiyekubali fedha hizo zimwamulie hadithi. Makala haya yanafafanua dhana hiyo kwa kuangazia maisha na kazi za Mira Nair.

Nair alizaliwa mwaka wa 1957 mjini Rourkela, mashariki mwa India. Alisomea Chuo Kikuu cha Delhi, ambako alivutiwa na uigizaji wa jukwaani, kisha mnamo 1976 akajiunga na Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Huko aligeukia filamu za hali halisi. So Far from India (1982) inamfuata muuza magazeti Mhindi jijini New York ambaye mkewe amebaki nyumbani. India Cabaret (1985) inawahusu wanawake wachezao dansi katika kilabu cha usiku mjini Bombay. Ili kuitengeneza, Nair aliishi miongoni mwao.

Mazoea hayo ya kusikiliza kwanza yalizaa Salaam Bombay! (1988), filamu yake ndefu ya kwanza ya kubuni, ambayo mswada wake uliandikwa na Sooni Taraporevala. Nafasi za watoto hazikupewa nyota, bali watoto wa mitaani wenyewe baada ya kupitia warsha ya uigizaji. Fedha zilichangwa na wafadhili mbalimbali, wakiwemo shirika la umma la India la kustawisha filamu na kituo cha Channel Four cha Uingereza. Filamu hiyo ilituzwa Caméra d'Or huko Cannes na kuteuliwa kuwania Oscar. Aidha, ndiyo chimbuko la Salaam Baalak Trust, shirika linalowahudumia watoto wa mitaani nchini India.

Mtihani mkubwa zaidi ulitokana na Mississippi Masala (1991), inayohusu familia ya Kihindi iliyofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka wa 1972, na mapenzi ya binti yao na Mmarekani Mweusi. Nair amesimulia jinsi alivyoombwa na wenye fedha aongeze mhusika mkuu Mzungu. Alijibu kwa kejeli kwamba wahudumu wote wa mkahawani wangekuwa Wazungu. Mlango ulifungwa, naye akatafuta fedha kwingine. Utafiti wa filamu hiyo ulimfikisha Kampala, ambako alikutana na msomi Mahmood Mamdani, wakaoana baadaye.

Monsoon Wedding (2001), iliyopigwa kwa takriban siku 30, ilishinda Simba wa Dhahabu huko Venice. Baadaye alikataa kuelekeza filamu mojawapo ya Harry Potter ili atengeneze The Namesake (2006). Hata hivyo, hakuyakimbia makampuni makubwa daima. Amelia (2009) haikupokewa vyema na wahakiki wengi. Kwa upande mwingine, Queen of Katwe (2016) ilifadhiliwa na Disney, lakini ikasimulia maisha ya msichana mchezaji chesi wa Kampala, na mhusika huyo akaigizwa na msichana wa Uganda.

Mchango wake kwa Afrika Mashariki ni wa kina zaidi. Mnamo 2004 alianzisha jijini Kampala warsha ya kuwafunza waandishi wa miswada na waelekezi chipukizi wa Uganda, Kenya, Tanzania na Rwanda. Aliipa jina la Kiswahili: Maisha.

Kwa kuhitimisha, kazi za Nair zinadhihirisha kuwa uhuru wa msanii hupimwa pale anapoombwa abadilishe hadithi yake. Fedha zinaweza kuazimwa. Sauti ikiazimwa, hadithi huwa ya mwingine.