Fumbo tamu, fumbo chungu: ushairi na siri za Upare

WEWE msomaji unayepanda basi Dar kwenda Arusha, gari likisimama Same huwa unafanya nini? Unakimbilia chipsi na soda, unarudi kwenye siti, unauchapa usingizi. Hebu safari ijayo inua macho kidogo. Huku chini ni jua kali, vumbi na miti ya miiba. Kule juu Milima ya Upare imejifunika wingu, na kilele cha Shengena, chenye mita 2,462, hukioni ng'o. Sasa ile sehemu usiyoiona ndiyo inayokufanya uendelee kukodoa macho. Mlima wote ungekuwa peupe, ungeutupia jicho mara moja na kurudi kwenye chipsi zako.

Ushairi nao una tabia hiyo, ila shuleni tulikomazwa vibaya. "Taja dhamira tatu za mshairi." Ukizipata, alama zako hizo, kitabu unafunga. Shairi likawa kama kasiki la benki: lina ufunguo mmoja, na mwalimu ndiye anayeutia mfukoni. Ndiyo maana washikaji wengi wakisikia neno "shairi" wanapiga miayo.

Panda juu Upare uone siri inavyofanya kazi. Koo za Wapare zilikuwa na vichaka vyao vitakatifu, vinavyoitwa mpungi. Mafuvu ya wahenga yalihifadhiwa humo, na wazee waliingia kutambika. Mgeni haingii ovyo, kuni hazikatwi. Vichaka vingi vya aina hiyo ni vya ekari chache tu, lakini vipo vilivyobaki na miti mikubwa wakati kando yake ni mahindi na migomba mitupu. Hakuna askari wa misitu aliyefanya kazi hiyo. Ni heshima, na tuseme kweli, ni woga pia.

Lakini angalia jambo moja. Kilichomo mpungini hakikuwa habari ya kushtukiza. Mwanakijiji alijua ni wahenga wa ukoo ndio waliomo. Kilichofichwa ni namna ya kuwaendea: nani aingie, lini, kwa maneno gani.

Hapo ndipo penye utamu wa shairi! Chukua shairi la mapenzi. Habari yake unaijua kabla hujafungua bahasha: jamaa kazimika. Akikwambia "nakupenda" amemaliza, na wewe unaweza kuuliza "haya, kingine?" Mtunzi hodari anazunguka. Anazungumzia kisima, nyota, au maembe ya jirani, na wewe unamfuata nyuma moyo ukidunda, ingawa unajua fika anakwenda wapi. Dada zetu wa khanga wanaijua kazi hii kuliko maprofesa. Maneno manne kwenye pindo, na jirani mmoja tu mtaa mzima ndiye halali usingizi.

Maana fumbo lina wenyewe. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, alitunga mashairi makali wakati Wamazrui wakivutana na Sayyid Said wa Oman. Asiyejua siasa za mji alisikia wimbo tu. Aliyezijua alisikia kijembe. Kwa hiyo ule ugomvi wa baadaye, wa vina na mizani, mimi naona ulihusu zaidi nguo kuliko mwili. Amri Abedi alichapisha sheria za kutunga mwaka 1954; Euphrase Kezilahabi akaja na Kichomi mwaka 1974, mashairi huru, wakongwe wakachachamaa. Fumbo laweza kukaa kwenye yote mawili. Na lisipokuwepo, vina vitamu havisaidii kitu.

Ila tusijidanganye kwamba kila siri ni tamu. Huko huko Upare kulikuwa na mshitu, msitu wa jando, ambako vijana walifundwa mambo yasiyosemwa nje. Mwanahistoria Isaria Kimambo, katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu historia ya siasa za Wapare, ameeleza jinsi watawala wa Ugweno walivyoyaweka mafunzo hayo chini ya himaya yao. Mwenye siri ndiye mwenye rungu.

Halafu kuna jiwe. Ukitoka Same ukapanda hadi Mbaga, wenyeji watakuonyesha jiwe la Malameni. Wanasimulia kwamba watoto waliotakiwa kutolewa kafara walipelekwa hapo, hadi desturi hiyo ilipokomeshwa miaka ya 1930. Kiswahili kina neno kigego, limo hata kwenye kamusi: mtoto aliyeanza kuota meno ya juu. Si Upare peke yake. Jamii kadhaa za Afrika Mashariki zilimwona mtoto wa namna hiyo kuwa ni balaa. Meno mawili tu ya juu, na mzazi anaanza kutetemeka.

Sasa fikiria lugha iliyotumika. Jambo kama hilo halitajwi kwa jina lake. Linaitwa mkosi, linaitwa mila, linaitwa kuokoa ukoo. Hayo nayo ni mafumbo, tena yametungwa vizuri, yana mdundo wake na wazee wa kuyatamka. Kichaka kilichonyamaziwa kiliokoa miti, na jiwe lililonyamaziwa likachukua watoto. Ukimya ni ule ule.

Ndiyo maana mtunzi atakayepanda Mbaga na daftari lake ana kibarua tofauti na yule wa maembe ya jirani. Huyu azunguke apendavyo, tutamfuata. Yule wa Malameni aanze na meno, halafu amtaje mama, halafu njia ya kupandia mlima, na asiruke hata hatua moja.