Dawa ya bei nafuu iliyoleta hasara ya mabilioni

MFUGAJI anapokwenda duka la dawa za mifugo huuliza mambo mawili: je, dawa hii inatibu, na bei yake ni kiasi gani? Yaliyotokea nchini India yanaonyesha kuwa lipo swali la tatu: ikishatibu, inaacha nini katika mazingira?

Katika miaka ya 1990 wafugaji wa India walianza kuwachoma ng'ombe wao sindano za diklofenaki, dawa ya maumivu na uvimbe iliyozoeleka kwa binadamu. Ilikuwa ya bei nafuu na ilifanya kazi. Kwa maswali yale mawili, ilifaulu.

Lakini Wahindu wengi hawali nyama ya ng'ombe. Ng'ombe alipokufa, wachuna ngozi walichukua ngozi, tumbusi walimaliza nyama, na mifupa iliokotwa na kuuzwa viwandani. Tumbusi hakulipwa na mtu, hivyo kazi yake haikuingizwa kwenye hesabu.

Tumbusi waliokula mizoga ya ng'ombe waliotibiwa muda mfupi kabla ya kufa waliharibika figo na kufa. Aina tatu za ndege hao zilipungua kwa zaidi ya asilimia 95 kabla chanzo hakijabainika mwaka 2004. Mizoga ilibaki ikioza, mbwa wa mitaani wakaongezeka, na hatari ya kichaa cha mbwa ikapanda.

Wanauchumi Eyal Frank na Anant Sudarshan, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2024, walikadiria kuwa pengo hilo lilisababisha vifo vya ziada vipatavyo 500,000 kati ya mwaka 2000 na 2005. Hasara waliikadiria kuwa Dola za Marekani bilioni 69 kwa mwaka.

Mwaka 2006 India, Pakistan na Nepal zilipiga marufuku diklofenaki kwa mifugo. Meloksikamu, dawa nyingine ya maumivu, ilionekana haiwadhuru tumbusi, ingawa mwanzoni ilikuwa ghali zaidi. Hata hivyo, chupa kubwa za binadamu ziliendelea kuingia mazizini, hadi India ilipoamuru mwaka 2015 kuwa chupa ya sindano isizidi mililita 3.

Kwa mfugaji, somo ni kumuuliza daktari wa mifugo kama kuna dawa mbadala isiyo na madhara hayo, na kuuzika mzoga wa mnyama aliyetibiwa. Kwa mwenye duka, ni kutouza dawa ya binadamu kwa ajili ya ng'ombe. Unafuu wa bei dukani unaweza kulipwa baadaye na kijiji kizima.