Je, Wajua? Kinu cha Wote, Ufunguo wa Mmoja

Je, wajua kuwa zile tarakimu 6 zinazobadilika kila sekunde 30 kwenye programu ya uthibitisho ya simu yako hazitumwi na mtu? Zima data, zima mtandao wote, zitaendelea kubadilika. Simu na seva zilishirikishana ufunguo wa siri siku ile uliposkani msimbo wa QR. Tangu hapo kila upande hupiga hesabu kivyake: huchukua sekunde zilizopita tangu 1 Januari 1970, hugawa kwa 30, kisha jibu husagwa pamoja na ufunguo kwa njia iitwayo HMAC. Kwa kawaida hutoka baiti 20. Biti 4 za mwisho huonyesha pa kuanzia kusoma baiti 4. Biti ya kwanza ya hizo huondolewa, namba hugawanywa kwa milioni moja, na baki ndilo unaloliandika.

Je, wajua kuwa kinu chenyewe, yaani hesabu hiyo nzima, si siri? Maelezo yake yote yako hadharani tangu 2011. Ukiwa na ufunguo, ingizo lilelile hutoa jibu lilelile daima. Usipokuwa nao, majibu hayo huwezi kuyatofautisha na namba za bahati nasibu. Wazo hilo la nasibu-bandia yenye ufunguo lilijengwa na Oded Goldreich, Shafi Goldwasser na Silvio Micali mwaka 1984.

Je, wajua kuwa kubandika ufunguo mbele ya ujumbe na kuusaga kwa kinu kiitwacho SHA-256 ili kuutia muhuri hakutoshi? Anayeuona muhuri anaweza kuendelea kusaga pale ulipoishia, akaongeza maneno yake, na muhuri mpya ukakubalika. HMAC husaga mara mbili, ufunguo ukiingia mara zote mbili.

Je, wajua kuwa hata kabati la data huhitaji ufunguo? Programu hupanga majina kwenye droo kwa kuyasaga. Adui akijua kinu kisicho na ufunguo, hutuma majina 10,000 yanayoangukia droo moja, na kila jipya hulinganishwa na yaliyotangulia: karibu ulinganisho milioni 50 kwa ombi moja! Desemba 2011, Alexander Klink na Julian Wälde walionyesha mjini Berlin jinsi seva zinavyolemewa hivyo. Mwaka uliofuata Jean-Philippe Aumasson na Daniel J. Bernstein wakaleta SipHash, kinu chenye ufunguo wa biti 128 na jibu la biti 64. Lugha ya programu ya Python iliipokea kuanzia toleo la 3.4.

Je, wajua kuwa hata ufunguo ukiwa salama, alama ya == ya kulinganisha mihuri inaweza kukuangusha? Kosa hili ndilo ninaloliogopa zaidi, kwa sababu programu hufanya kazi vizuri kabisa na hakuna anayeligundua. Ulinganishaji wa kawaida husimama kwenye baiti ya kwanza isiyolingana. Mshambulizi anayeweza kuipima tofauti hiyo ya muda hubuni muhuri wa baiti 32 baiti moja baada ya nyingine: makisio yasiyozidi 8,192, badala ya namba yenye tarakimu 78. Python ina hmac.compare_digest, ambayo haisimami njiani.