Kabla ya Kulaumu Supachaja, Kagua Mkanda

Dodge Challenger SRT Hellcat, toleo la 2015, ina injini ya lita 6.2 yenye nguvu za farasi 707. Hizo ni zile zilizobaki. Supachaja, pampu inayoshindilia hewa kwenye injini, inapozunguka kwa kasi yake ya juu kabisa hujichukulia nyingine kama 80, na zote hupitia kwenye mkanda wa mpira. Toyota Vitz ya lita 1 haifikishi 80 injini yake nzima.

Hellcat wengi wetu tunaiona kwenye video tu. Supachaja tunazokutana nazo gereji ni za Mercedes-Benz C180 na C200 za umbo la W203, zile zilizoandikwa Kompressor: injini ya lita 1.8, nguvu za farasi 143 na 163. Malalamiko ya wenye nazo yanafanana: gari linavuta vizuri likianza, kisha mizunguko ikipanda, pale hasa unapotaka kulipita lori, linalegea. Fundi mwenye haraka atasema supachaja imekufa, tafuta ya mtumba. Mara nyingi supachaja ni nzima, na kinachoteleza ni mkanda.

Tutenganishe kwanza hasara mbili za nguvu. Ya kwanza ni halali. Kushindilia hewa ni kazi, na anayeilipia ni krenki. Supachaja ya aina ya Roots, iliyopewa jina la ndugu Philander na Francis Roots wa Indiana waliopata hataza mwaka 1860, haiibani hewa ndani yake. Huisukuma tu mpaka ikutane na hewa iliyokwisha kujaa mbele, na hapo sehemu kubwa ya nguvu huishia kuwa joto. Miundo ya kisasa imepunguza upotevu huo bila kuumaliza. Ukiendesha taratibu, vali ya kupitishia hewa pembeni hufunguka na mzigo ukapungua sana. Hasara hii hakuna fundi wa kuitibu, na anayekuahidi hivyo anakuuzia maneno.

Ya pili ndiyo inayotibika. Mkanda haujafungwa popote kwenye puli. Unaishika kwa msuguano peke yake. Chukua mfano wa supachaja inayohitaji nguvu za farasi 80 kwenye mizunguko 14,600 kwa dakika, yenye puli ya kipenyo cha sentimita 8. Ukipiga hesabu, mkanda unalazimika kuivuta puli hiyo kwa nguvu inayokaribia uzito wa mifuko miwili ya saruji, huku ukikimbia mita 60 kila sekunde. Kwa kasi hiyo mkanda wenyewe hutaka kutanuka nje na kujinyanyua juu ya puli. Ndiyo maana utelezi hujitokeza mizunguko ikiwa juu, si ikiwa chini.

Kinachoamua zaidi ni sehemu ya puli iliyokumbatiwa na mkanda. Kanuni yake iliwekwa na Leonhard Euler karne ya 18. Tuseme kipimo cha msuguano ni 0.5. Mkanda ukizunguka nusu ya puli, yaani nyuzi 180, upande unaovuta unaweza kukaza mara 4.8 ya upande uliolegea kabla ya kuteleza. Ukizunguka nyuzi 120 tu, inabaki mara 2.85. Ili kuvuta mzigo uleule, tenshena, yaani kikaza mkanda, itabidi ikaze zaidi ya mara mbili. Kwa hiyo rola moja ndogo ikihamishwa ili mkanda ukumbatie puli zaidi huweza kusaidia kuliko kukaza kwa nguvu, maana kukaza kupita kiasi hula beringi za supachaja, za alternata na za pampu ya maji.

Hapa ndipo wapenda kasi wanapojiponza. Wanafunga puli ndogo kwenye supachaja ili izunguke haraka na presha ipande. Mzigo unaongezeka, mkanda unapata mahali padogo pa kushika, na presha kwenye mizunguko ya juu huweza kushuka badala ya kupanda. Wanaoendesha magari ya mashindano ya Top Fuel kule Marekani walikwepa shida hii kwa mkanda wa meno. Gari la kawaida haliufaidi sana: una kelele, na mshtuko wowote hupelekwa moja kwa moja kwenye shafti.

Mkanda wenyewe unakaguliwaje? Soma maandishi ya mgongoni. 6PK maana yake una matuta sita, na namba inayofuata ni urefu kwa milimita. Mikanda ya zamani ilipata nyufa ikizeeka. Ya sasa, ya mpira wa EPDM, huisha kimyakimya kama tairi: inaonekana mizima, lakini matuta yamelika hadi ncha zake zinagusa chini ya mifereji ya puli, na hapo hazibani tena ubavuni. Pitisha kidole. Matuta yanayong'aa kama kioo, vumbi jeusi kuzunguka puli na harufu ya mpira ulioungua ni ushahidi wa kutosha. Kama kuna oili, tafuta kwanza gasketi inayovuja. Mkanda mpya juu ya oili utateleza vilevile. Na ile dawa ya kupuliza ili mkanda usipige kelele inanyamazisha dalili tu.

Kwenye Mercedes hizo mkanda uleule huzungusha pampu ya maji, alternata na pampu ya stelingi. Ukikatika safarini, zima injini mara moja kabla haijachemsha. Na kabla hujatoa hela ya supachaja ya mtumba, mwambie fundi apime presha mizunguko ikiwa juu, akague vali ya pembeni na mipira ya hewa, kisha akuwekee mkanda mpya na tenshena nzima. Presha ikirudi, supachaja haikuwa na tatizo.